Ukisikia Kimya Kwenye Mteremko

Vijana wangu wa pampu na wa pikipiki, msiniletee kiti. Nitawasimulia nikiwa nimesimama. Mtu aliyesimama kwenye saruji ya kituo cha petroli pale Salgaa tangu usichana hadi mvi hawezi kuambiwa leo, ati kwa sababu amestaafu, akae kama gunia la viazi linalongoja mnunuzi. Miguu yangu haijui kukaa. Nikiketi kidogo inaanza kuwasha, naamka, natoka nje, naangalia barabara, narudi, naweka chai mekoni, naisahau, natoka tena. Chai ya moto, mpaka leo asubuhi, nilikuwa nikiisikia kwa majirani tu.

Na siku hizi nina sababu. Kila katikati ya mwezi bei ya mafuta hutangazwa, na ikitangazwa hupanda, au ikishuka hushuka kidogo tu, ya kukuonjesha. Mimi sina gari. Sijawahi kuwa na gari. Lakini nina kijana wangu wa mwisho, Kibet, anayebeba maziwa na abiria kwa pikipiki kati ya huku juu tunakoishi na Salgaa, na kati ya huku juu na Salgaa kuna mteremko wa murram, ule udongo wa changarawe, unaomtisha hata mbuzi. Redio ikisema mafuta yamepanda, wengine wanawaza mfuko. Mimi nawaza ule mteremko, na kijana wangu juu yake. Nitafika huko. Nikianza na huko mtadhani ni woga wa mama tu, kwa hivyo kwanza mjue nilikoupata.

Aliyenifundisha kazi alikuwa msimamizi wetu, Mzee Athmani, mtu wa Bondeni kule Nakuru mjini, ambaye babu zake walitoka pwani. Alivaa kofia ya kufuma hata chini ya paa la kituo, na alisema Kiswahili cha taratibu hata akiwa anakugombeza. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi nozeli ya dizeli akaniambia, "Mwanangu, pampu usiitazame. Lisikilize tangi."

Nilidhani anatania. Nikakodolea macho tarakimu zinavyozunguka, na dizeli ikafurika, ikaniingia viatuni. Dereva alicheka mpaka akashikilia mlango. Jumapili yake nilipoingia kanisani, watu wa benchi langu walihama mmoja mmoja kwa heshima, nikabaki peke yangu na Bwana.

Baadaye nilielewa. Tangi tupu huguna kwa sauti nzito ya chini. Kadiri linavyojaa, sauti inapanda na kuwa nyembamba, mpaka mwisho inafanana na mluzi. Mluzi ukianza, toa mkono. Pampu zenu za leo zinajikata zenyewe, na ninyi mnajaza huku mkitazama simu. Sawa, dunia imesonga. Lakini sikio lililozoea kusikiliza tangi litasikia na mambo mengine, na hilo ndilo Mzee Athmani alilokuwa akinipa bila kunieleza.

Wateja nao walikuwa na imani zao, na mafuta yakipanda bei imani zinaongezeka. Kuna waliotikisa gari likijazwa, familia nzima ikishuka kusukuma huku na huku, ili hewa itoke mafuta yaingie. Kulikuwa na mkulima mmoja wa Rongai aliyekuja na jiwe lake ndani ya pikapu. Akifika analiteremsha, anapandisha gurudumu moja juu yake, pikapu inainama, ndipo ananiambia jaza. Aliamini kuna kona ya tangi ambayo sisi watu wa vituo tunamnyima.

"Ndugu yangu," Mzee Athmani alimwambia siku moja, "hilo jiwe unalibeba kila siku?"

"Kila siku, mzee. Nisipolibeba nitalipata wapi?"

"Basi hilo jiwe ndilo linalokunywa mafuta yako."

Aliondoka amekasirika, na jiwe lake akaondoka nalo. Nawaambia ninyi mnaobeba vyuma, vibao na vipaza sauti kwenye pikipiki: kila kilo unayoipandisha mlimani inakula. Cheni kavu inakula. Gurudumu lenye hewa kidogo linakula kuliko yote, na hewa tulikuwa tukiitoa bure. Kukanyaga mafuta kwa nguvu ili wasichana wa stendi wageuke kunakula pia, na wasichana wenyewe wanageuka kwa sababu ya kelele, si kwa sababu yako.

Aliyenielewa mapema alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alikuwa na kigari cheupe, na kila bei ilipopanda alinunua mafuta kidogo zaidi, akiona haya, akiongea na mimi bila kunitazama. Mwisho akapotea kabisa. Nilidhani amehamishwa. Siku moja akaja kwa baiskeli, suruali ameifunga kwa kamba pale chini isikamatwe na cheni, akasimama kwenye mashine ya hewa. "Mama Pampu," akaniita kwa jina langu la kazi, kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "leo nimekuja kujaza hewa!" Akatia hewa mbele na nyuma, akaniaga kwa kengele. Nilimwonea wivu, kwa sababu, tangu bei ianze kupanda, alikuwa mtu wa kwanza kutoka kwenye kituo chetu akicheka.

Haya. Sasa pua.

Salgaa iko chini ya mteremko mrefu wa barabara kuu, mnaujua. Malori yanayotoka upande wa Eldoret yanashuka na kushuka mpaka yanatufikia. Dereva akishuka na gia ndogo, injini ndiyo inayolizuia lori, na breki anazigusa tu. Akifika kwako magurudumu hayana neno. Lakini kuna wanaotoa gia kabisa kule juu, wenyewe wanaita kuweka fri, lori linateremka kwa uzito wake na kazi yote inabaki kwa breki. Huyo akifika, magurudumu yananuka. Ni harufu kavu, kali, ya kitu kilichoungua ambacho hakikupaswa kuungua.

Mzee Athmani alikuwa akilizunguka kila lori kabla hata ya salamu. Ananyoosha kiganja karibu na gurudumu, bila kuligusa, kisha anamwambia dereva, "Umeshuka bila gia, mwanangu." Dereva anabisha. Mzee habishani, anamwomba tu aweke mkono pale penye breki yeye mwenyewe. Hakuna aliyeuweka.

Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hawakuwa wakiokoa kitu. Fundi mmoja mwenye gereji nyuma yetu alitueleza mara nyingi: lori la dizeli likiwa kwenye gia, na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini haili. Ukitoa gia ndipo inaanza kula kidogo kidogo ili isizime. Watu waliuza roho zao wapate hasara.

Kulikuwa na dereva anaitwa Mutua. Nilimpenda, kama mnavyompenda kaka. Aliniletea maembe kutoka kwao, na kila akija alinitania kwamba siku nikistaafu Salgaa itakauka. Breki zake zilinuka kila safari. Nilimkaripia, Mzee Athmani akamkaripia, naye akawa anacheka.

"Usininunie, Mama Pampu," aliniambia. "Mwenye lori ananipimia dizeli. Ikipungua ni mimi nalipa. Wewe unadhani napenda kushuka hivyo?"

Siku moja mchana, jua kali, Mzee Athmani akainua kichwa ghafla. "Tulieni," akasema. Tukatulia. Lori linaloshuka kwenye gia linanguruma njia nzima, linalalamika, na ukisikia lile lalamiko unajua kuna mtu ndani anayelizuia. Sasa kulikuwa na kitu kinakuja kutoka juu bila lalamiko. Ilikuwa upepo tu, na magurudumu juu ya lami. Mzee Athmani akapiga kelele watu watoke barabarani, wachoma mahindi wakarukia mtaroni, na honi ikaanza, ndefu, isiyokatika. Likatupita. Nilimwona Mutua, mikono miwili kwenye usukani. Mbele yetu kulikuwa na stendi imejaa watu. Alilitoa barabarani kabla ya kuifikia, likaingia shambani, likaanguka.

Utingo wake aliokolewa. Mutua hakutoka hai. Nililia mpaka Mzee Athmani akaninyang'anya nozeli na kunirudisha nyumbani, naye akafanya kazi yangu na machozi yake mwenyewe. Tangu siku hiyo kelele za malori hazinisumbui, hata yapige honi mpaka asubuhi. Kinachonishtua ni kimya.

Basi turudi kwa Kibet, na turudi juzijuzi.

Nyumba yetu iko katikati ya mteremko. Kila asubuhi Kibet anapanda na mitungi mitupu hadi mashamba ya juu, anakusanya maziwa, anashuka nayo, anasimama langoni kwetu kuchukua mtungi wetu, kisha anateremka hadi kituo cha maziwa pale Salgaa. Mchana anapandisha abiria. Mimi nikiwa nakamua ninamsikia akitoka juu, injini ikinguruma kwenye gia, na mkono wangu unaendelea na kazi. Sikio ndilo linalomlea siku hizi, maana mgongo alishaushuka zamani.

Asubuhi moja, bei ikiwa imetoka kupanda tena, nikaisikia injini kule juu kwenye miti ya blugamu, halafu nikaisikia ikizima. Nikangoja ishike. Haikushika. Nilichosikia ni mitungi ikigongana, tang, tang, tang, ikija kwa kasi. Niliacha ng'ombe, ndoo ikapinduka, nikakimbia langoni na miguu hii. Akaja bila sauti, akafunga breki, pikipiki ikaserereka kidogo kwenye changarawe, ikasimama mbele yangu. Anatabasamu.

"Mathe, mbona unahema?"

Niliinama nikashika chuma cha breki kwenye gurudumu la mbele, kama Mzee Athmani alivyowaomba wale madereva wafanye. Vidole viliungua.

"Umezima injini," nikamwambia.

"Si ni mteremko? Mteremko ni ya bure."

"Ya bure!"

"Mathe, kila msee wa base yetu ya boda anazima pale kwa blugamu. Fuel imepanda vibaya. Nikiwasha nikipanda na niwashe nikishuka, hiyo ni kufanyia petrol station kazi."

"Mimi nilifanyia petrol station kazi na nikakulea."

"Hiyo ilikuwa time yenu."

"Hata Mutua alikuwa wa time yetu."

Habari za Mutua anazijua tangu alipokuwa anatambaa. Alifunga mtungi wetu kwa mpira, kisha akaniambia polepole, bila dharau, "Lori ya Mutua ilikuwa ya dizeli. Hii yangu ni ya kabureta. Hata nikiwa kwa gia inakunywa. Ni wewe ulinifunza hiyo, Mathe. Usinidanganye saa hii."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Pikipiki yake ikizimwa huokoa, kidogo lakini huokoa, na mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kuambiwa kidogo si kitu. Akaondoka. Alipofika kona ya kwanza nikasikia injini inazima.

Siku zilizofuata sikutulia hata kidogo. Nilimwoshea kichujio cha hewa mwenyewe, nikampakia cheni grisi, nikamlazimisha ajumlishe safari zake, asikimbilie kila abiria mmoja aliyepiga simu. Alikubali yote, na mafuta yakapungua kuliwa, na bado akazima. Mtu akishaonja cha bure haachi. Nikamwambia basi maziwa yashuke kwa punda wa jirani, punda hana kabureta. Kibet alicheka lakini akampakia. Punda alikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya shamba la kabeji, akaona kabeji, akaingia, akagoma kutoka. Maziwa yalifika kituoni jua likiwa utosini, na yule wa kupima akasema hayo yameshaganda, ni mala.

Wakati huo huku kwetu kila mtu alikuwa anahangaika kivyake. Jirani yetu mwenye gari dogo ameliegesha, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Wanaokwenda sokoni wanaungana watano kukodi pikapu moja, wakigombania nani alichelewesha wengine. Wengine wamegundua kwamba Salgaa si mbali hivyo kwa miguu, wanashuka asubuhi kwa makundi wakipiga soga, na jioni wanapanda wakimlaani aliyetoa wazo. Nilikuwa nikiwatazama wakipita na kurudi, na mimi nikipita na kurudi kwenye ua wangu, na sikioni nina mitungi inayogongana.

Kisha nikasikia habari za Akinyi. Ni msichana aliyefungua kibanda cha pikipiki za umeme pale Salgaa, hatua chache kutoka kwenye pampu yangu ya zamani. Nilikwenda kwa miguu. Ilibidi nipite mbele ya kituo, na wale mliobaki pale mkaniona, mkaanza: "Mama Pampu! Kumbe umetuhama?" Nikawaambia ninyi hangaikeni na bei, mimi nahangaika na mtu.

Akinyi alinikaribisha vizuri. "Sasa, mathe? Karibu. Unataka kujua inabeba nini, ama inakimbia aje?"

"Nataka kujua ikishuka inashikwa na nini."

Aliweka bisibisi chini akanitazama. "Watu wote huuliza speed. Hakuna mtu ashawahi niuliza hiyo." Kisha akanionyesha. Ukiuachilia mkono wa mafuta, au niseme mkono wa umeme, mota inageuka kazi, inakuwa kama dainamo ya baiskeli. Inaizuia pikipiki isikimbie, na ile nguvu inairudisha kwenye betri.

Nilimrudishia Kibet habari hiyo nikiwa sijakaa. Hakutaka kuisikia. "Hizo ni za wasee wa tao, Mathe. Barabara ya lami, kona moja, umefika. Mlima wa huku itaiua."

"Njoo uiue basi, tuione ikifa."

Akinyi alitupa moja tuijaribu asubuhi. Mimi, na umri huu, leso imefungwa kiunoni, nikapanda nyuma ya Kibet na mitungi mitupu pembeni. Ilipanda bila sauti, na mimi sikuipenda hiyo. Tulipita nyumba yetu vizuri. Baada ya hapo ikaanza kuchoka. Kibet akawa anatazama kioo kidogo pale mbele chenye vijistari vya betri, na vile vijistari vikawa vinazimika kimoja baada ya kingine.

"Shuka, Mathe."

Nikashuka. Nikamalizia mlima kwa miguu nikimfuata nyuma, nikihema, na wale akina mama wanaochuma mboga pembeni ya njia wakaniuliza kama nimeuzwa, kama ng'ombe anayemfuata mnunuzi. Kule juu Kibet alikuwa ameketi juu ya pikipiki, mikono imekunjwa.

"Si nilikwambia?"

Alikuwa amesema kweli mara ya pili, na mara ya pili nikaudhika. Lakini tulikuwa tumeshafika, na maziwa yalikuwa yanangoja. Tukapakia mitungi iliyojaa. Alitaka nishuke kwa miguu. Nikakataa, nikajibana hapo katikati ya mitungi kama mtungi mwingine.

Tulipofika kwenye blugamu mkono wake ukafanya ulichozoea, ukaachilia, tayari kwa kuteleza. Pikipiki haikuteleza. Ilikwenda, lakini ilikwenda imeshikwa.

"Nini inanivuta?" akauliza.

"Ndiyo hiyo dainamo ya Akinyi. Iache."

Akagusa breki, kwa mazoea tena. Akaiacha. Akatazama kioo. Nilisikia mgongo wake ukinyooka. "Mathe," akasema, "imeongeza. Aki imeongeza!" Kijistari kimoja kilichokuwa kimezimika kilikuwa kimerudi. Akajaribu tena: akikamata breki, betri haipati kitu; akiiacha mota imzuie, inapata. Kufika nyumbani alikuwa anashuka polepole kuliko nilivyowahi kumwona, kwa makusudi, ameinamia kile kioo, na watu waliokuwa wakitembea wakatupita kwenye kona wakitucheka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota. Mimi nyuma yake nilikuwa nalia, na nikamwambia ni vumbi.

Nimeliwaza hilo sana, vijana. Tangu kifo cha Mutua niliamini dawa ya wanaozima injini ni kuwatisha, na niliwatisha wengi, nikaambulia kuchekwa. Kibet hakuacha kwa kutishwa. Bado anautaka mteremko umpe kitu cha bure, ni yuleyule, ila sasa mteremko unampa akishuka taratibu na unamnyima akikimbia. Ule uchoyo uliokuwa unampeleka kaburini ndio unaomshika.

Aliibadilisha ile ya kabureta, akachukua ya umeme. Msidhani mimi ni wakala wa Akinyi. Stima ikipotea, na mnajua inavyopotea mvua ikinyesha, Kibet analala na pikipiki isiyo na kitu na asubuhi anabeba mitungi michache mgongoni. Abiria mnene anaambiwa waziwazi kwamba pale juu atashuka asukume, na wengine wanatukana. Kwa mtu wa Olenguruone anayepanda na mzigo mzito siku nzima, sijui kama ingefaa, na sitamdanganya. Ila kwetu maziwa yanashuka yakiwa yamejaa na mitungi inapanda ikiwa mitupu, na hiyo ndiyo bahati yetu. Kila mmoja wenu aitazame njia yake mwenyewe: mzigo wako unapanda au unashuka? Anza hapo, kabla hujauliza speed.

Sasa mtaniuliza, kama mambo yako hivyo, mbona bado nilikuwa sikai.

Hakuna aliyenionya kwamba ile pikipiki haina sauti kabisa. Zamani nilijua: ikinguruma kijana wangu yuko salama, ikinyamaza yuko hatarini. Siku hizi ananyamaza kila siku. Sikio nililopewa na Mzee Athmani halina tena cha kusikiliza. Asubuhi naacha kukamua, nasimama langoni, natazama ukungu kule kwenye blugamu, na moyo unanipiga vilevile. Akili inajua, lakini moyo haujaambiwa. Kibet alianza kuchoka nami. "Mathe, utapata pressure ya bure," alisema. Tuligombana juu yake. Nilimwambia basi apige honi. Akasema atapiga honi mpaka lini, mtu mzima na watoto.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa langoni kama kawaida, leso kichwani, sioni kitu. Kisha nikasikia mitungi kwa mbali. Tang. Ikanyamaza. Tang. Taratibu, ya kwenda kwenye kituo cha maziwa na si kwenye kaburi. Akatokea kwenye ukungu, akasimama. Hakunisalimia. Hakuchukua mtungi wetu. Alikaa tu juu ya pikipiki, akalielekeza gurudumu la mbele upande wangu.

"Shika," akasema.

Nikainama. Nikaweka kiganja kizima kwenye chuma cha breki, si ncha za vidole. Kilikuwa baridi, na kina umande. Nikakiacha kiganja pale.

"Kesho pia utashika," akasema. "Na kesho kutwa. Nitasimama kila siku mpaka uchoke. Sawa?"

"Sawa."

Akafunga mtungi wetu, akateremka, na kona ikammeza bila sauti yoyote. Nikarudi ndani. Chai ilikuwa bado mekoni, inachemka, haijamwagika. Nikaimimina, nikavuta kiti, nikakaa, nikainywa ikiwa moto.